Hardtop ya 1995 inayopiga kelele: sauti ilikua inapitia wapi, na karatasi za butili zilisaidia wapi

Gari yenyewe ni Land Cruiser HZJ75, sisi tunaita hardtop, ya 1995, ile ndefu yenye benchi za pembeni kule nyuma, injini 1HZ ya dizeli, lita 4.2, silinda 6, haina turbo. Ilianzia kwenye mradi, ikazunguka vijijini miaka mingi, mwisho ikaangukia kwa mzee mmoja mstaafu anayeitumia kutoka Dar kwenda shambani kwake Iringa, mara nyingi mama yuko mbele na wajukuu nyuma. Kuuza hataki na namuelewa kabisa, maana 1HZ ukiibadilishia oili na filta kwa wakati inakuzikia magari mengine mawili.

Shida yake ilikua moja, kelele. Alivyoieleza: "Mwanangu, nikifika Morogoro kichwa kinauma, mama yako akinisemesha mpaka nisimamishe gari." Na alikuja gereji kwetu akiwa ameshaamua, anataka zile karatasi nyeusi za butili (raba laini inayonata) zenye foili zibandikwe gari zima, sakafu, milango, paa, ubavuni, kila penye bati, na hesabu alikua ameshapigiwa sehemu nyingine. Hesabu ilikua kubwa. Nikamwambia "Mzee wangu, hizo karatasi tutaweka, ila tupe kwanza nafasi tuisikilize hiyo gari, tujue kelele inaingilia wapi." Hakufurahi sana lakini alikubali.

Nalisema hili mapema kwasababu ndio kiini cha kisa chote. Zile karatasi zina kazi moja zinayoifanya vizuri sana, nayo ni kuzuia bati lisitetemeke. Gonga sufuria tupu uisikie inavyolia, halafu igonge tena huku umelaza kiganja juu yake, mlio unakatika papo hapo, na butili kwenye bati la gari ni hicho kiganja. Lakini sauti inayopita kwenye tundu haijali bati lako limetulia kiasi gani. Wataalamu wa sauti wana hesabu yao rahisi, kwamba ukuta ukiwa na uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, hata kama sehemu iliyobaki ni nzuri namna gani huwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi. Yaani unajenga ukuta wa maana halafu tundu la asilimia moja linaukata miguu. Sasa hardtop ya umri huu imejaa matundu.

Tukaitoa barabarani, ile sehemu iliyonyooka baada ya Chalinze. Njia tunayotumia haihitaji mashine. Unakaa spidi moja, tuseme 80, unasikiliza ukiwa gia ya tano, halafu unaweka ya nne spidi ikiwa ile ile. Kelele ikipanda pamoja na mizunguko ya injini basi ni ya injini au ekzosi, isipobadilika ni tairi, upepo au huko kwenye propela shafti (ile inayopeleka nguvu ya injini nyuma) na difu. Halafu mahali tambarare penye usalama, hakuna gari nyuma, unatoa gia unaiacha iserereke kidogo (tafadhali usijaribu hii kwenye mteremko, mlima Kitonga sio mahali pa kutoa gia hata sekunde moja), hapo kinachobaki ni tairi, upepo, na propela shafti na difu zikizunguka bila kuvutwa na injini. Jingine ni kuziba maungio ya milango yote kwa nje na selotepu ya karatasi ile ya wapaka rangi, unaendesha tena kipande kile kile. Mluzi ukipungua, raba za milango zimechoka.

Majibu ya hii gari yalikua wazi. Sehemu kubwa ilikua ya injini na ilikua inakuja mbele miguuni, sio kwenye paa wala milango. Ukibadili gia kelele nayo inabadilika pale pale. Ya pili ni bati la ubavuni kule nyuma na sakafu ya nyuma, zinalia kwenye barabara mbovu. Ya tatu upepo mlango wa dereva. Na tairi za matope zilikua zinavuma lakini hizo mzee mwenyewe alisema anazihitaji shambani wakati wa mvua, basi tukaziacha kama zilivyo.

Kuna kitu nataka kieleweke kuhusu kelele ya injini, kwasababu watu wengi wanapotezea hela hapo. Injini ya silinda 6 ya mapigo manne (four stroke) inawaka mara tatu kila krenki, ile shafti kuu ya injini, ikizunguka mara moja. Ikiwa inazunguka mara 2,400 kwa dakika, hiyo ni mara 40 kwa sekunde, zidisha kwa tatu unapata 120, yaani mngurumo wa hezi 120. Wimbi la sauti hiyo hewani lina urefu unaokaribia mita 3. Sasa mtu anakuuzia sponji ya sentimita moja anakwambia itameza mngurumo wa dizeli, haiwezekani, sponji nyembamba inameza sauti kali za juu tu, milio na miluzi. Mngurumo mzito unapunguzwa kwa vitu viwili: kuukata kabla haujaingia kwenye bodi, na kuweka uzito uliozibwa vizuri kati yako na injini.

Kwa hiyo tulianzia chini ya gari. Na huko tulikuta mambo. Ekzosi ilikua inaning'inia kwa waya, zile raba za kushikilia zilikatika zamani fundi wa njiani akafunga waya wa kujengea, kazi ya dharura ambayo ikageuka ya kudumu. Waya haumezi mtetemo, unaupeleka moja kwa moja kwenye chesisi, na bodi nzima inageuka spika. Injini mauntingi mbili, zile raba zinazobeba injini, zilikua zimekufa, raba imepasuka na chuma kinagusa chuma. Tukabadili mauntingi, tukarudisha raba za ekzosi, tukaiwasha ikiwa imesimama, na mzee aliyekua amekaa ndani akachungulia dirishani akauliza "Mmeshaweka hizo karatasi?" Hapo hata kapeti lilikua halijafunuliwa. Mtetemo wa usukani ulipungua, kioo cha ndani kikaacha kucheza. Ukiwa na gari ya zamani anzia hapa, hata kama hela yako yote inaishia hapa.

Baadae tukatoa viti na kapeti, na hapa ndio kisa kilipopata uzito wake.

Chini ya kapeti kulikua na kazi ya mtu mwingine. Mzee akakumbuka kwamba miaka kadhaa nyuma alishawahi kuweka "soundproof" gereji fulani. Walichoweka ni ile tepu ya lami yenye foili inayouzwa kwa ajili ya kuziba paa la nyumba linalovuja. Kwa macho inafanana sana na karatasi za butili, nyeusi huku fedha huku, na ni rahisi zaidi, ndio maana watu wanadanganyika. Tofauti ni kwamba lami inalainika kwenye joto, na bati la gari lililopaki jua la mchana wa Dar linaweza kupita nyuzi 60 bila shida. Kwenye milango ilikua imeserereka mpaka chini ikajikusanya kama uji na kuziba matundu ya kutolea maji. Mlango wa dereva ukiutikisa maji yanasikika ndani. Ile harufu ya lami aliyokua anailalamikia kila akifungua gari mchana, akidhani ni oili inavuja, ilikua hii.

Na sakafuni pale kwa dereva, chini ya tepu, kutu. Sio ile ya juu juu, kutu iliyotoboa, bisibisi inazama. Maji yalikua yanaingia kwenye kona ya chini ya raba ya kioo cha mbele, ugonjwa unaojulikana sana kwenye hizi Land Cruiser za mtindo huu, fremu ya kioo inaoza chini ya raba ambapo huoni, maji yanashuka kwa ndani, yanafika sakafuni, yanakuta sponji ya kapeti inayoyanywa na kuyatunza, na juu ya bati kuna tepu iliyoachia pembeni inayafungia yasikauke. Miaka yote hiyo gari inakula bati kimya kimya, na kila mtu anasema kapeti tu lina unyevu kidogo.

Hapo ikabidi kusimama na kuongea na mzee kwa uwazi. Kuweka karatasi mpya juu ya bati lile ni kumchukulia hela na kumharibia gari. Butili haishiki kwenye kutu, na hata ikishika inaifunika kutu iendelee. Nikampigia, "Shikamoo mzee, ukipata nafasi pita uone kwa macho yako." Akaja, akachomeka mwenyewe bisibisi, akanyamaza kidogo, akasema "Basi fanyeni ya bati kwanza, paa litasubiri." Uamuzi wa maana sana ule. Hela iliyokua ya kufunika gari zima ikahamia kwenye kioo, kuchomelea na rangi.

Kioo cha mbele kikatolewa, fremu ikasafishwa mpaka chuma cheupe, sehemu zilizooza zikakatwa na kuchomelewa bati jipya, ikapakwa praima na rangi, kikarudi na raba mpya. Sakafu ya dereva ilikatwa kipande ikawekwa kipya. Lami yote tukaitoa, na kutoa lami ni kazi ya kuchosha, kuikwangua ikiwa ya moto inanata kila mahali, afadhali ufanye asubuhi bati likiwa la baridi inavunjika vunjika, mabaki unafuta na mafuta ya taa kisha thina, dirisha na milango wazi na hakuna anayevuta sigara karibu. Kutu ndogo ndogo zilizobaki zikapigwa brashi ya waya kwenye grenda, dawa ya kugeuza kutu, praima, rangi, zikaachwa zikauke kweli kweli. Rangi mbichi ikifunikwa na karatasi inabaki laini huko chini na karatasi inaachia.

Kisha matundu. Hii ndio sehemu ninayoipenda kwenye kazi hizi kwasababu haina gharama kubwa na matokeo yake ni makubwa. Usiku, taa imewashwa chini ya boneti, mwingine ndani ya gari kwenye giza, kila unapoona mwanga sauti inapita. Kwenye ukuta kati ya injini na miguu ya dereva tulikuta tundu la waya wa redio kol ya enzi za mradi, redio ilishatolewa zamani tundu limebaki wazi, linaingia kidole gumba. Kulikua na tundu la bomba la AC ambayo haipo tena. Raba zinazozunguka waya zimekauka na kupasuka. Na kwenye mikono ya gia, ule wa gia na ule wa foo wili, raba ya chini imechanika kiasi kwamba ukifunua ile ya juu unaiona lami ya barabara. Kelele ya giaboksi, joto na vumbi, vyote vilikua vinapita pale. Matundu yasiyo na kazi yakafungwa kwa kipande cha bati na silanti (gundi ya kuzibia), ya waya yakapata raba mpya, mikono ya gia ikapata raba zote mbili. Raba za milango tulizijaribu kwa karatasi ya kawaida, unafunga mlango umeibana, ukiivuta ikatoka bila kukaza basi pale pamelegea. Mlango wa dereva raba mpya, na bawaba zilikua zimeshuka, zikarekebishwa, maana raba mpya kwenye mlango uliopinda bado inavuja.

Ndio tukafika kwenye karatasi zenyewe. Tulitumia butili ya milimita 2 yenye foili ya alumini, ambayo uzito wake ni kama kilo 3 mpaka 4 kwa mita moja ya mraba. Mzee alikua bado anauliza kama tutafunika kila sehemu. Jibu langu ni hapana na sababu sio kubania. Ili bati liache kulia unahitaji kufunika katikati ya paneli, pale linapocheza zaidi, na ukifikia robo mpaka theluthi ya eneo umeshapata sehemu kubwa ya faida, kuanzia hapo kila karatasi unayoongeza inakupa kidogo kuliko iliyotangulia. Unagonga na kiungo cha kidole, panapolia "kong" unaweka, panapojibu "tup" unaacha. Pale penye mikunjo ya kiwandani bati limeshakazwa tayari. Kwenye hii gari sakafu ya mbele na ule ukuta wa injini tuliweka karibu yote, sakafu ya nyuma vipande vipana, mabati ya ubavuni kule nyuma ambayo ni makubwa na bapa tukaweka katikati ya kila paneli, milango bati la nje kipande kimoja kikubwa kila mmoja. Paa halikuguswa, kama mzee alivyosema.

Kubandika kwenyewe sio sayansi ila kunataka subira. Bati lifutwe na spiriti lisiwe na mafuta wala vumbi. Kwa joto la Dar huhitaji mashine ya kupuliza moto, karatasi ikikaa nje kidogo inakua laini yenyewe. Halafu rola, ile ndogo ya mkono, unakandamiza mpaka alama za foili zilale bapa. Karatasi iliyobandikwa kwa kiganja tu ina mapovu ya hewa chini, haifanyi kazi na ndio inayotunza unyevu. Vaa glavu, foili inakata vibaya. Kabla hujafunika piga picha za kila bolti ya kiti na ya mkanda, kila nati ya waya wa ethi (waya wa umeme unaofungwa kwenye bodi), kila kizibo cha sakafu, hivyo vyote vinabaki wazi.

Milango ina sheria zake. Matundu ya chini lazima yabaki wazi kabisa, na ile nailoni nyuma ya kava ya mlango irudi mahali pake, maana maji kuingia kwenye mlango ni kawaida, yanaingia na kioo kila mvua, nailoni ndio inayoyarudisha yashuke yatoke chini. Kwenye hii gari nailoni ilishatupwa zamani, tukakata mpya.

Juu ya butili kwenye sakafu ya mbele na ukuta wa injini tukalaza foamu nyembamba isiyonywa maji, na juu yake vinaili nzito, kilo 5 hivi kwa mita ya mraba, kipande kimoja kinachoshuka kutoka nyuma ya dashibodi mpaka chini ya viti. Hii ndio inayopambana na mngurumo, uzito wake unaoning'inia juu ya foamu bila kugusa bati. Viungio vyote vikazibwa kwa tepu, kwa ile ile sababu ya matundu. Ila angalia sana pedali. Ukinenepesha sakafu, pedali ya mafuta inaweza kugota kabla ya kufika mwisho au kapeti likaishika ikabaki chini. Tulikata eneo la pedali tukaliacha jembamba, na kila pedali ikakanyagwa mpaka mwisho na kurudi mara nyingi, kapeti likiwa limesharudi, kabla gari haijatoka getini. Sponji ya zamani haikurudi, kapeti lilikaa juu ya vinaili moja kwa moja. Uzito wote tulioongeza unakadiriwa kwenye kilo 35, kwa hardtop sio kitu.

Matokeo. Barabara ile ile, spidi ile ile, watu wale wale ndani. Mama aliyekaa mbele anaongea kawaida na anajibiwa kutoka benchi ya nyuma, na redio inasikika bila kuipandisha mpaka ipasuke. Miguu ya dereva haiungui tena, kitu ambacho hata hakukilalamikia mwanzo alishazoea. Mngurumo wa dizeli bado upo, ukikanyaga kupanda mlima unajua uko kwenye 1HZ, ila umekaa mbele ya gari, haumo tena kichwani mwako. Kilichobaki kinasikika zaidi ni tairi, na kingine ambacho mwanzo hakikusikika kabisa: mvumo mdogo kutoka nyuma ukiachia mafuta. Hiyo inatokea sana ukituliza gari, kelele kubwa ikiondoka iliyokua imejificha chini yake inajitokeza, wenye gari wengine wanadhani fundi kaharibu. Tukaangalia, kros (kiungio) ya propela shafti ya nyuma ilikua imekauka na ina mchezo. Ikabadilishwa. Ingeendelea kujificha siku moja shafti ingedondoka njiani.

Nilimuomba mzee airudishe gari masika ikianza kunyesha, tufunue kona za kapeti tuone kama pamekauka. Kwa dereva pakavu kabisa, fremu ya kioo imeshika. Nyuma tukakuta unyevu kuzunguka bolti moja ya benchi, maji ya tairi yanarushwa kutoka chini na bolti ile ilirudishwa bila silanti. Karatasi iliyoizunguka ikakatwa, bati likakaushwa, bado lilikua zima, bolti ikapigwa silanti na kipande kipya cha butili kikawekwa mbali nayo kidogo. Sasa anauliza kuhusu paa. Nimemwambia atoe kwanza keria ile ya juu ambayo haitumii, mluzi anaousikia akizidi 90 unatoka kwenye zile nondo zake za mbele, na bila keria tutajua kama paa lina shida yoyote ya kulipia.